Mume wangu anaandika riwaya ya kuchekesha, nami nimepoteza usingizi

Yaya mpendwa, mkubwa wangu,

Ninakuandikia kutoka Lubumbashi, komini ya Kampemba, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wanne, wa kwanza akiwa chuo kikuu na wa mwisho akiwa bado shule ya msingi. Mimi ninauza vitenge sokoni. Mume wangu ana miaka 47 na ni karani wa mahesabu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, ambayo sitaitaja. Amefanya kazi hapo miaka 18, na miaka minne ya mwisho hajachukua likizo. Hatuna shida ya kutisha. Mshahara huchelewa lakini hufika, nyumba ni yetu, na kanisani anajulikana kuwa mtu mtulivu asiye na maneno mengi.

Tangu mvua zilipokatika nimeona mambo yaliyonishangaza. Huamka usiku wa manane, huwasha taa ya betri hata siku ambazo umeme upo, na kuketi kwenye meza ya chakula hadi karibu na alfajiri. Nilipomwuliza, alisema anamalizia kazi ya biro, yaani ya ofisini. Kisha nikaanza kumsikia akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejifunika mdomo kwa kiganja. Dada yangu aliniambia kwamba mwanamume anayecheka usiku ana mwanamke kwenye simu. Nikaipekua simu, sikukuta kitu. Nikaipekua nyumba, nikakuta madaftari matatu ya shule ndani ya sanduku la bili za maji za zamani, mahali alipojua kwamba hakuna mtu atakayepafungua kwa hiari yake.

Yaya, ni riwaya. Mhusika wake anaitwa Bwana Faili, karani wa miaka 46, ambaye kila mwisho wa mwezi huandika ripoti ya kurasa 30 na kuipeleka kwa mkuu wake, mtu anayepiga chafya mara tatu kabla ya kusema uongo. Siku moja anagundua kwamba ripoti ya mwaka uliopita ingali na kibanio kilekile alichokibana yeye, haijafunguliwa hata ukurasa mmoja. Ndipo anapoanza kuijaribu biro yake. Katikati ya hesabu za mafuta ya malori anapachika bei ya maharagwe katika soko la Kenya la hapa mjini, hakuna anayeona. Mwezi unaofuata anapachika utabiri wa mechi za Mazembe, halafu barua ndefu kwa marehemu baba yake, halafu malalamiko rasmi dhidi ya goti lake la kushoto. Mwezi wa tano mkuu anamwita mbele ya wafanyakazi wote, anamsifu kwa ripoti zenye kina, na kumwagiza aongeze kurasa kumi.

Hapo ndipo Bwana Faili anapoharibika. Nyumbani anaanza kupokea simu kwa kutaja jina la kampuni, na mtoto akiomba fedha za daftari anamtaka alete maombi yenye sahihi mbili. Asubuhi moja anatundika koti lake kwenye kiti cha biro, anaacha kompyuta ikiwaka na miwani juu ya meza, anatoka kwenda kununua karanga na harudi tena. Kazini koti linaonekana, kwa hiyo yeye yupo. Wenzake wanalisalimu, linawekewa chai, na mwisho wa mwaka linapewa zawadi ya nidhamu kwa sababu halijawahi kuchelewa wala kuomba ruhusa ya kwenda kwenye kilio. Mwenyewe yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anawauzia madereva wa foleni ya malori mayai ya kuchemsha na kahawa, na ana furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu alipotoka shuleni. Daftari la tatu linakatika pale fedha zinapomwishia. Anarudi mjini kuomba kazi katika kampuni ileile, na kukuta kwamba koti lake limepandishwa cheo kuwa mkuu wa idara; tunamwacha akiwa ameketi kwenye benchi, nje ya mlango wa koti lake mwenyewe, akisubiri kuhojiwa ili awe msaidizi wake.

Sitakuficha kwamba nilicheka. Niliyasoma madaftari hayo sokoni, nikiyaficha chini ya vitenge, na kuna wateja walioondoka wakidhani ninawacheka wao. Lakini Bwana Faili ana mke, anayeitwa Mama Hesabu, ambaye huhesabu vitunguu kabla ya kulala na kuvihesabu tena asubuhi. Ugomvi wao kuhusu mchango wa kilio cha mjomba ni ugomvi wetu, neno kwa neno, pamoja na ile sentensi niliyoisema kwa hasira na ambayo nilidhani ameisahau.

Tena kuna jambo moja linalonisumbua kuliko hilo. Katika daftari la pili, kabla ya kuondoka kazini, Bwana Faili anakwenda ukingoni mwa mto Kafubu mapema asubuhi, anavua viatu, anavipanga sambamba na kusimama akiyatazama maji. Anatokea kijana mwenye baiskeli ya makaa, anamwuliza viatu ni bei gani. Wanabishana kwa kurasa nne. Mwishowe viatu vinauzwa, na Bwana Faili anarudi nyumbani pekupeku, faranga zikiwa mfukoni. Ni kurasa zinazochekesha kuliko zote. Lakini mwezi wa tano mume wangu alirudi nyumbani siku moja akiwa na ndala miguuni, akasema viatu vyake vyeusi amevipeleka kwa fundi. Mpaka leo fundi huyo sijamwona, wala viatu.

Dada yangu anataka tumpeleke kwa mchungaji akaombewe kwa mfungo. Shemeji yangu mkubwa, ambaye nilimdokezea kidogo tu, anataka kuitisha kikao cha familia. Mimi mwenyewe kuna usiku nilishika kiberiti na madaftari, kisha nikayarudisha chini ya bili za maji. Je, mume wangu ni mgonjwa, au anaandika tu? Nimwambie kwamba nimesoma? Na akikipeleka kitabu hicho kwa mpiga chapa, mkuu wake akajitambua, watoto wangu watakula nini?

Mke wa Karani, Kampemba

* * *

Mdogo wangu,

Nianze na viatu, maana mengine yote yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Kama ungeniletea riwaya peke yake, ningekujibu kwa utulivu, kwa kuwa kurasa nne za kubishana bei ya viatu kando ya mto zinaweza kutungwa na mtu mwenye afya kamili, aliyeshiba na kulala vizuri. Ulichoniletea ni riwaya pamoja na ndala. Kwa hiyo muulize, leo ikiwezekana, watoto wakishalala, mkiwa wawili na bila daftari lolote mezani, na muulize kwa maneno yasiyopindwa: ulikwenda mtoni, na je, uliwaza kufa? Najua ulimi utakuwa mzito. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kulitaja jambo hilo ni kuliita, lakini wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi, nao wanasema kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa upenyo wa kusema lile alilokuwa amelibeba peke yake.

Akikujibu ndiyo, au akikaa kimya kwa namna ambayo wewe, mkewe, unaielewa, usimwache peke yake usiku huo, ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shambani na akiba ya vidonge, na kesho yake mfuatane hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili kinachoitwa Joseph Guislain, kinachoendeshwa na watawa wa kiume wa shirika la Frères de la Charité, na wahudumu wake wamezoea kupokea watu wanaoingia kwa miguu yao wenyewe, wenye akili zao, waliochoka tu kupita kiasi. Watakaomwona langoni watasema watakayosema. Mfuatane tu.

Inawezekana pia akajibu kwamba alikwenda mtoni kutafuta sura ya kitabu, akavua viatu ili ajue mhusika wake anasikia nini chini ya nyayo, na kijana mmoja akapita, akaviulizia bei. Waandishi hufanya mambo ya namna hiyo. Akijibu hivyo, mwamini, lakini endelea kumtazama kwa wiki kadhaa: kama anakula bukari yake, yaani ugali, kama zamani, kama pombe imeongezeka, kama anagawa vitu alivyovipenda au analipa madeni madogomadogo kwa haraka isiyo na sababu, kama usingizi unarudi. Mambo hayo yatakueleza hali yake kuliko daftari. Na usikubali kutulizwa na kicheko chake. Mtu anaweza kuchekesha ukumbi mzima na bado akawa na hali mbaya nyumbani, na wale wanaotufurahisha hucheleweshewa msaada kwa sababu kila mtu hudhani kwamba wao wanajitosheleza.

Sasa nije kwenye swali lako: ni mgonjwa, au anaandika tu? Kwa hayo uliyonisimulia, mimi naona mtu aliyechoka na kazi yake, na ambaye amepata mahali pa kuuweka uchovu huo. Hali yenyewe ina historia. Mwaka 1965 Elliott Jaques, mwanasaikolojia aliyezaliwa Kanada, aliandika makala kuhusu mtikisiko unaowapata watu katikati ya umri, wanapoacha kuhesabu miaka waliyoishi na kuanza kuhesabu ile iliyobaki. Alianza kwa kutazama maisha ya wasanii, akaona kwamba wakifika umri huo wengine hunyamaza, wengine hubadilika namna ya kuumba, na wengine huanza kuumba kwa mara ya kwanza. Kuhusu uchovu wa kazini, Shirika la Afya Duniani liliueleza mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na likasema wazi kwamba lenyewe haliuhesabu kuwa ugonjwa. Tafsiri yake kwa nyumba yenu ni kwamba dawa ya sehemu hiyo haiko hospitali wala madhabahuni. Iko kwa mwajiri. Kanuni ya kazi ya nchi yetu, ile ya 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi mtu mzima likizo isiyopungua siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliotumika, na kuiongezea siku moja kwa kila miaka mitano ya utumishi. Kwa mtu wa miaka 18 ya utumishi hizo ni siku 15 kila mwaka, mbali na Jumapili na sikukuu. Mume wako hajaziona kwa miaka minne. Kabla hamjamwekea mtu mfungo, mwekeeni likizo.

Naongeza jambo ambalo watu wa nje hawatalielewa haraka. Mtu mwenye miaka 47 hapa Lubumbashi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003 na 2004. Awe alikuwa na baba ndani ya mpango huo au hakuwa naye, alikuwa na jirani, na aliona wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi wakikaa barazani saa nne na shati lililopigwa pasi, hawana pa kwenda. Kizazi hicho kilijifunza kwamba kiti cha biro hakiachwi hata kikichoma. Kwa hiyo anapotunga karani anayeondoka na kuliacha koti likae badala yake, anaandika jambo ambalo yeye hawezi kulitenda na ambalo hathubutu kulisema mezani, mbele ya mke mwenye ada nne za shule za kulipa. Mimi nimefanya kazi katika biro za mji huu, na koti lililoachwa kitini nimelisalimu zaidi ya mara moja. Hadi leo sina hakika kama halikuitikia.

Usidhani, basi, kwamba mume wako amebuni kichaa kipya. Karani anayevunjika katikati ya maisha, huku msomaji akishika mbavu, ana ukoo mrefu. Nikolai Gogol wa Urusi alichapisha mwaka 1842 kisa cha mnakili wa nyaraka ambaye maisha yake yote yalikuja kuning'inia kwenye koti moja jipya, na koti hilo lilipoibwa naye akafa. Mwaka 1975 Mwingereza David Nobbs alimtunga Reginald Perrin, mtu wa miaka 46 katika kampuni ya vitu vitamu vya kumalizia chakula, ambaye anaacha nguo zake ufukweni ili watu waseme amezama, kisha anarudi kwa jina jingine na kumwoa tena mke wake mwenyewe. Hadithi hiyo ilipendwa hata BBC ikaigeuza mchezo wa televisheni kuanzia mwaka uliofuata. Sidhani mume wako amewasoma hao, wala hakuhitaji kuwasoma. Hapa kwetu watu wamekua wakilisikiliza na kulitazama kundi la Mufwankolo, lililowachekesha kwa Kiswahili cha mji huu, redioni na kwenye televisheni, kwa visa vya mabwana wakubwa, wake wakali na walevi wasiojua njia ya nyumbani, na kila mtu ukumbini alijua ni nani anayesemwa bila jina lake kutajwa.

Katika visa hivyo vyote kuna jambo moja linalopaswa kukutuliza kidogo. Anayevunjika ndiye pekee anayeona sawasawa. Ripoti haikufunguliwa mwaka mzima, mkuu akaisifu, nalo koti likapanda cheo: kichaa hicho ni cha biro, na Bwana Faili amekigundua tu. Mtu aliyepoteza akili hawezi kuujenga mzaha huo hatua kwa hatua, mwezi kwa mwezi, mpaka kwenye zile kurasa kumi za nyongeza. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya, na kama mambo yote katika madaftari yameandikwa hivyo, mume wako ana kipaji. Lile benchi nje ya mlango wa koti ningependa sana ningelitunga mimi.

Lakini kitabu hicho kina kasoro, na kwa kadiri ulivyonisimulia, kasoro yenyewe ni wewe. Mama Hesabu anahesabu vitunguu, anagomba kuhusu mchango, anahesabu tena vitunguu. Hapati hata ukurasa mmoja wa kumwuliza mumewe jambo lolote. Bwana Faili anarudi kutoka mtoni bila viatu, na mkewe hasemi neno! Mke gani huyo? Katika nyumba yenye mwanamke anayehesabu vitunguu, jozi ya viatu vyeusi haipotei kimya kimya. Mwandishi amemnyima sauti kwa sababu hajui angejibu nini, na hajui kwa sababu hajawahi kumpa nafasi ya kujibu. Naelewa kwamba ile sentensi yako ya hasira imekuchoma ulipoikuta imeandikwa kwa wino. Itazame pia kwa upande mwingine: mtu ambaye kwa miezi yote hii hamzungumzi alikuwa akikusikiliza kwa makini hivyo. Hilo halimpi haki ya kukufanya kichekesho bila idhini yako, na una ruhusa kamili ya kumkasirikia. Mimi ningekasirika.

Mwambie, basi, kwamba umesoma. Usimwambie usiku uleule wa swali la mto, maana mambo hayo mawili hayapaswi kukaa kwenye meza moja. Mwambie siku nyingine, mkiwa mmeshiba. Atakuuliza uliyapataje madaftari, nawe mweleze ukweli wote, pamoja na ule wa simu, hata kama utakuaibisha. Kisha anza na pale ulipocheka. Mtajie koti lililowekewa chai, mtajie goti la kushoto. Mwandishi ambaye hajawahi kusomwa na mtu anasubiri hilo kuliko anavyosubiri mshahara, na ukianza na vitunguu ataingia ndani ya ganda lake, hamtamwona tena mpaka Krismasi. Ukimaliza kucheka, ndipo umwambie palipokuuma, na umdai Mama Hesabu apewe sura yake mwenyewe. Ikiwa kweli ni mwandishi, baada ya ghadhabu ya siku mbili tatu atakuja kukuuliza Mama Hesabu angesema nini.

Kuhusu kiberiti, ukishike tena ukiwa unawasha jiko tu. Madaftari hayo ni mali yake kwa namna ambayo sabuni na sukari ya nyumba si mali ya mtu mmoja. Hata sheria ya haki za watunzi ya 5 Aprili 1986 inamwachia mwandishi peke yake uamuzi wa kuitoa kazi yake hadharani au kuiacha sandukuni.

Shemeji yako mkubwa mwombe kwa heshima asubiri. Mume wako ni mtu mzima mwenye kaya. Akiitwa katikati ya wazee kujieleza kuhusu daftari alilolificha, atajiona ameletwa mbele ya mkuu mwingine mwenye chafya, na safari hii mkuu huyo atakuwa ndugu yake. Kama mazungumzo yenu wawili yatakwama, au kama jibu la swali la mto litakuwa la kutisha, hapo shemeji ana kazi, nayo ni kazi ya gari na fedha za hospitali kabla ya kuwa kazi ya hotuba. Kwa mchungaji sina kipingamizi, mradi asiambiwe kwamba kucheka usiku ni pepo. Akiwa mtu mwenye busara atamwombea mume wako na kumwuliza anaandika nini. Dada yako mshukuru, lakini usimweleze zaidi. Mtu aliyesikia kicheko akatoa hukumu ya mwanamke mwingine tayari anatunga riwaya yake mwenyewe.

Limebaki la mkuu wa kazi, ambalo ni la kweli, wala silipuuzi. Kifungu cha 74 cha kanuni yetu ya adhabu kinamwadhibu anayemsingizia mwingine, kwa ubaya na hadharani, tendo mahususi linaloweza kuharibu heshima yake, na mkuu aliyekasirika hahitaji hata kwenda mahakamani ili kumtesa karani wake. Kwa sasa hakuna hatari yoyote, kwa kuwa daftari liko chini ya bili za maji na kitabu hakijaisha. Likifika wakati wa mpiga chapa, mwambie afanye wanavyofanya watunzi wote wenye watoto wa kulisha: biro aihamishie mji mwingine, malori ayageuze kuwa mashua za ziwani au magunia ya saruji, na mkuu ampe umbo, kabila na ugonjwa mwingine kabisa. Zile chafya tatu ni nzuri, na najua itamwuma kuziacha. Lakini wafanyakazi wote wa kampuni hiyo wanazijua, hata mlinzi wa geti, na mkuu mwenyewe atazitambua kabla hajafika ukurasa wa kumi, ikiwa ripoti ndiyo peke yake asiyoifungua.

Yaya